Shule Ile Niliichora Mimi

Misheni ya Mungaa,
S.L.P. Singida.
Jumapili, 9 Machi 1975.

Mpendwa mdogo wangu Luciana,

Marahaba. Shikamoo yako imefika salama pamoja na barua, na nimeifikisha kwa kila uliyemtaja. Hujambo? Kifua chako kimepona? Uliandika kwamba baridi ya Weimar, huko Ujerumani, ilikukamata tangu Krismasi. Naijua baridi hiyo. Vaa soksi mbili na usione aibu mbele ya wenzako.

Sisi huku ni wazima, namshukuru Mungu. Baba yako, baba mdogo Melkiori, mguu wake umepungua uvimbe na sasa anakwenda misa mwenyewe bila kushikwa. Mama yako Sara hajambo. Mvua imenyesha mara nne tu tangu Januari. Uwele umesimama, lakini mtama umekauka ungali mdogo, na wengi bado tunakula mahindi ya njano ya msaada. Yanajaza tumbo. Mama yangu anasema hayana ladha ya chakula chochote anachokifahamu.

Mama anakusalimu sana. Wewe humwita mama mkubwa, naye akisikia barua yako inasomwa anataka jina hilo lirudiwe, basi nilimsomea sehemu hiyo mara mbili. Sehemu nyingine sikumsomea, na utaelewa kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lako.

Umeniambia kwamba Juni unamaliza na utakuwa msanifu majengo kamili. Hongera, mdogo wangu. Katika ukoo wetu tutakuwa wawili. Umeniambia pia kwamba hutaki kurudi mara moja, unataka kwenda London ukapate uzoefu kwanza, na kwamba ofisi ya Bwana Pellow imekujibu. Watakuchukua kama mnakilishaji wa ramani kwa kuanzia. Unataka nikuandikie neno la kukutambulisha kwake, kwa kuwa nilifanya kazi pale karibu miaka mitano. Na umeniletea ukurasa ulioukata kwenye gazeti la wasanifu katika maktaba ya chuo chenu, wenye picha za shule ya bweni ambayo ofisi yake ilijenga Afrika Magharibi. Ukaandika pembeni kwa penseli: “Kaka, kuta hizi ndizo zilizonifanya nimwandikie Bwana Pellow. Je, ulikuwepo walipoichora?”

Nilikuwepo, Luciana. Niliichora mimi.

Nimekaa na ukurasa wako siku sita kabla ya kushika kalamu. Nikiandika kwa hasira unisamehe, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na wewe ni mtu wa kwanza ambaye kazi yake ni sawa na yangu.

Unajua niliondoka hapa mwaka 1962, wewe ukiwa bado darasa la tano. Mwaka mmoja nilijifunza lugha ya Kicheki, miaka mitano nikasomea usanifu Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia. Juni 1968 nikapewa shahada yenye mhuri mwekundu. Agosti vifaru vya Warusi vikaingia mjini na wanafunzi wageni tukaanza kutawanyika. Wizara iliniandikia nirudi nyumbani. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na hilo ni langu, si la mtu mwingine. Nilifikiri kama unavyofikiri wewe sasa. Nilitaka miaka miwili ya ofisi kubwa ili nirudi na jina.

Nilifika London Novemba. Niliandika barua kwa ofisi nyingi. Waliojibu walitaka kuniona, kwa sababu Kiingereza changu cha barua ni kizuri na jina langu halikuwaambia chochote. Nikifika mlangoni na bomba langu la michoro, karani anatazama uso wangu, anaingia ndani, anatoka: nafasi imejaa tangu jana. Ofisi moja walikuwa waungwana, walifungua michoro yangu yote mezani. Kisha mkubwa wao akauliza shahada yangu ni ya wapi. Nikamwambia.

“Kule wanajenga kwa kufuata sheria zao,” akasema. “Hapa hatuwezi kujua ulifundishwa nini.”

“Lakini michoro iko mbele yako, bwana.”

“Michoro ni mizuri,” akasema, akaikunja na kunirudishia.

Nikauliza njia ya kusajiliwa. Nikaambiwa nifanye mitihani upya, karibu yote, kama mtu asiyewahi kushika penseli. Majira yale ya baridi nilifua mashuka katika hospitali. Nyumbani niliandika kwamba niko katika ofisi ya ujenzi.

Machi 1969 Bwana Pellow akanichukua. Si mtu mbaya wa sura, utamwona. Anacheka haraka, anakupigapiga begani, na jina Antipasi lilimshinda siku ya kwanza, akaniita Anti. Alinipa ubao katika chumba cha chini ya ardhi, pamoja na wanakilishaji wengine watatu. Unalaza karatasi nyepesi juu ya mchoro wa mwingine, unapitisha wino juu ya mstari wake. Usiongeze, usipunguze. Kwenye pembe ya kila karatasi kuna visanduku: imechorwa na nani, imekaguliwa na nani, imenakiliwa na nani. Mimi nilikuwa kisanduku cha mwisho. A.A. Herufi mbili, miaka karibu mitano.

Niliwauliza wenzangu mtu anapandaje kwenda juu. Mmoja, mzee wa Kihindi aliyekuwa amesanifu stesheni kwao kabla ya kuhama, aliniambia bila kuinua macho, “Hapandi.” Sikumwamini. Nilimwona mtu aliyekata tamaa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Mwaka ule ule wa 1969 ofisi ikapata kazi ya shule hiyo. Ilipewa kijana mmoja wa ghorofa ya juu, Bwana Colin, ambaye hajawahi kuona nchi ya joto. Mchoro wake uliponifikia mezani ninakili, niliona madirisha ya vioo kutoka sakafuni hadi darini, yametazama magharibi. Luciana, watoto wangechemka mle ndani kama viazi. Nilipanda juu nikamwambia. Akasema kutakuwa na mapazia.

Basi Jumamosi na Jumapili nne nilikwenda ofisini, hakuna mtu, nikaichora shule upya yote. Hakuna aliyeniomba. Nilianza kwa kukumbuka tembe ya baba. Unaikumbuka? Jinsi ulivyokuwa ukitoka juani na mtama kichwani, ukiingia tu unasikia baridi magotini kabla macho hayajazoea giza. Zile kuta nene za udongo, na mlango uliotazama uwanja wa ndani, si upepo. Madarasa nikayazungusha viwanja, kuta nene, matundu madogo ya juu upande wa jua kali, baraza lenye paa la kumfunika mtoto kutoka bweni hadi darasani. Nilipima vivuli vya kila mwezi. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile, kabla wala baadaye.

Jumatatu nikampelekea Bwana Pellow. Alitazama kwa muda mrefu sana, bila kucheka.

“Nani alikufundisha hili?”

“Nyumba ya baba yangu, bwana. Na Praha walinifundisha kuhesabu.”

“Iache hapa, Anti.”

Baada ya wiki tatu mchoro ulirudi chini kwangu. Ulikuwa wangu, mstari kwa mstari, umechorwa safi na mkono wa Bwana Colin. Kisanduku cha kwanza, jina la Colin. Cha pili, Pellow. Cha tatu kilikuwa kitupu, kinaningoja mimi. Nilitakiwa kunakili kazi yangu mwenyewe.

Nilipanda tena. Nilimwambia Bwana Pellow kwamba jina langu limekaa mahali si pake. Akanionea huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

“Huna usajili, Anti. Jina lako nikiliweka pale halina maana yoyote, mteja ataliuliza. Lakini mimi najua. Mwaka ujao tutaona la kufanya juu yako.”

Nilishuka nikanakili. Wino haukutetemeka hata mara moja. Najivunia jambo hilo na kulionea haya kwa pamoja.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi, maana hilo la juu nilitendewa, na hili nilitenda mimi.

Desemba wakaja wageni watatu kutoka nchi ile kuitazama shule. Seremala wa ofisi alikuwa ameitengeneza ndogo kwa mbao, imewekwa juu ya meza. Asubuhi Bwana Pellow aliniita, akanifunga tai yake mwenyewe shingoni, akaniambia nisimame karibu na meza. “Wakikuuliza, sema unafurahi kufanya kazi hapa. Inatosha.” Nikaelewa kazi yangu siku hiyo ilikuwa ni ngozi yangu.

Mkubwa wa wageni wale alikuwa mzee mnene mwenye kanzu nyeupe, mtu wa elimu. Aliinama akapitisha kidole juu ya kuta ndogo za mbao, darasa moja baada ya jingine. Akasema kwa sauti, “Aliyechora hapa, jua limewahi kumpiga.” Bwana Colin akatabasamu. Mzee hakumtazama Colin. Alinigeukia mimi.

“Ni wewe, mwanangu?”

Chumba kizima kilinyamaza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa kweli. Lakini kibali changu cha kukaa kilitegemea barua ya Bwana Pellow kila mwaka, na Bwana Pellow alikuwa amesema mwaka ujao tutaona. Nikasema:

“Hapana, mzee. Mimi ninanakili tu.”

Alinitazama kidogo, kisha akasema, “Aha,” akaendelea na meza. Luciana, nimeshaambiwa hapana na watu wengi wa London, na zote zimepungua makali. Ile moja niliyoisema mwenyewe haipungui.

Siku hiyo tulipigwa picha, migongo ya wageni ikaziba karibu shule yote ya mbao. Nilipewa nakala moja. Nikaituma kwa baba, nikaandika nyuma: “Shule niliyochora.” Ilikuwa kweli tupu, na nilipokuwa nikiifunga bahasha nilijiona mwongo. Baba aliitembeza picha ile Mungaa yote. Aliipeleka mnadani, aliwaonyesha hata watu wa Unyambwa alipokwenda kununua ndama. Ulikuwepo bado, uliiona. Kumbe ndiyo iliyokutia moyo wa kusomea kazi hii, kama ulivyoniandikia mwaka ule wa kwanza. Nilipoisoma barua hiyo nilifurahi, kisha nikakosa raha wiki nzima.

Baba alikufa Agosti 1972. Simu ya maandishi ilinifikia baada ya siku kumi na moja. Katekista alisimama kaburini akasema marehemu Alute ni baba wa mtu anayewajengea watu shule katika nchi za mbali. Wakati anasema hivyo, mimi nilikuwa chini ya ardhi, nanakili ngazi ya duka la viatu.

Shule ilipoisha, gazeti likatoa picha, hizo ulizozikata. Waliandika jina la Pellow na la Colin. Visanduku vya pembeni havitoki gazetini. Mwisho wa mwaka 1973 niliaga. Bwana Pellow alinipa barua nzuri yenye mhuri. Ilisema nimekuwa mnakilishaji mwaminifu, msafi wa mkono, asiyechelewa.

Dar es Salaam nilikutana na ofisa mmoja wa rika langu. Nikaweka mbele yake shahada ya Praha na barua ya London. Shahada aliisukuma kando kwa kuwa hakuweza kuisoma. Barua aliisoma.

“Ndugu, Waingereza wenyewe wanasema wewe unanakili.”

“Mimi ni msanifu. Soma shahada.”

“Msanifu aliyekaa nje miaka kumi na moja amejenga nini?”

Nilifikiria gazeti, nikafikiria jina lililomo gazetini. Nikaikunja shahada yangu. Wakanileta Singida, msaidizi wa kupima viwanja vya vijiji vipya.

Kwa hiyo ndivyo ninavyofanya, mdogo wangu. Kamba, vigingi, na ramani moja ya nyumba iliyotoka makao makuu, vyumba viwili na mlango. Septemba mwaka jana zamu ikafika Mungaa. Kila mtu alitakiwa kuhamia kwenye mistari kando ya barabara, na mimi ndiye niliyeipima mistari. Tembe ya baba iliezuliwa siku ya Alhamisi. Ningewazuia kwa cheo gani? Nyumba ya mama iko mstari wa tatu. Mlango wake unatazama magharibi, na dirisha moja liko pale pale kando ya mlango. Nilimwomba mwenyekiti wetu aniruhusu niigeuze tu, nyumba ile ile, miti ile ile, mlango uwe mashariki.

“Ukigeuza ya mama yako, nitawaambia nini wengine?” akasema.

“Tuzigeuze zote.”

“Mstari umekwisha pimwa, ndugu Antipasi. Umeupima wewe.”

Mchana mama hawezi kukaa ndani. Anachukua kigoda chake anakwenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, anachambua mlenda mpaka jua lizame. Majirani wanamtania kwamba mwanawe anajua kujengea Wazungu tu. Anacheka nao.

Jumapili iliyopita, baada ya kusoma barua yako, niliona afadhali nimwambie. Nikakaa naye pale nyuma. Nikasema, “Mama, kule Ulaya sikuwa mjenzi. Nilikuwa nanakili michoro ya watu.” Sikufika kwenye habari ya shule, maana alinikatiza kwa Kinyaturu, kwa upole, mikono yake ikiendelea na mlenda. Aliniambia, “Baba yako amezikwa na sifa hiyo. Usimfukue.” Kisha akaniuliza kama nina njaa.

Basi kwa mama nitabaki mjenzi. Kwa ofisi nitabaki mwenye kamba. Wewe peke yako nimekuambia nilivyo.

Hutaki nikukataze kwenda London, na sikukatazi. Nani angenikataza mimi? Tena wewe ni mwanamke, huko wana hapana nyingine wamekuwekea ambazo mimi sizijui. Lakini usiende ukifikiri kwamba watakuona ukifanya vizuri. Mimi nilifanya vizuri. Walichokiona walikichukua. Na ukikaa pale mwaka mmoja bila kisanduku cha kwanza, usingoje wa pili. Ondoka ukiwa bado na hasira. Mimi nilingoja mpaka hasira ikawa adabu.

Na siku mtu akikuuliza kama ni wewe, hata kama chumba kizima kimenyamaza, jibu.

Umeomba neno la kukutambulisha kwa Bwana Pellow. Nimeliandika kwa Kiingereza, liko ndani ya bahasha hii, sikulifunga ili ulisome. Ni fupi. Linasema: “Bwana Pellow, anayekuletea karatasi hii ni Luciana Melkiori, binti wa baba yangu mdogo. Ni msanifu majengo, si mnakilishaji. Desemba 1969 mgeni wako aliniuliza mbele yako kama mimi ndiye niliyechora shule ile, nikasema hapana. Nilidanganya, nawe ulijua. Niliichora mimi.” Nimetia sahihi kwa jina langu lote.

Ukimpa, huenda akakurudisha mlangoni. Usipompa, nafasi ya unakili bado ni yako, na mimi sitakulaumu hata kidogo, wala sitakuuliza ulifanya nini. Mimi nimekwisha kujibu, ijapokuwa nimechelewa miaka mitano na mzee yule wa kanzu hatasikia.

Baba mdogo Melkiori anasema usome kwa bidii na usisahau rozari. Mama yako Sara anauliza kama koti alilokushonea bado linakutosha. Dada yetu Selina amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina lako. Mumewe Lazaro anakusalimu, na mama mkubwa anasema ukirudi atakupikia mlenda wa karanga, mvua ikijalia karanga.

Mungu akulinde na baridi, na akupe mahali pa kuandika jina lako.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukuombea,

Antipasi Alute